Nimehama Kwenye Karatasi

Baba alikufa Jumanne, msimu wa dagaa haba,
na Jumatano, kabla maturubai hayajashushwa,
baba mdogo Luhende alishapima ua kwa hatua zake:
kumi na nne mpaka kwenye jiwe,
tisa mpaka chooni.

Nyumba ile ya Mabatini ilikuwa na vyumba sita,
wapangaji wanne, na jiwe moja kubwa kuliko vyote.
Juu yake baba alianika mahindi
na mama alianika hasira.
Watoto tulikuwa saba, wa matumbo mawili.

Tukaitwa kikao cha ukoo.
Muhtasari uliandikwa mara tatu:
mara ya kwanza walimsahau Misoji,
mara ya pili walimkumbuka, wakamwandika marehemu.

Mahakama ya Mwanzo ikabandika tangazo ubaoni.
Mwenye pingamizi ajitokeze.
Walijitokeza hata wasiofika msibani.
Alikuja mama mmoja kutoka Geita
na picha ya harusi iliyokunjwa mara nne.
Picha ilikuwa ya kweli. Harusi ilikuwa ya kweli.
Tulimkaribisha chai,
hatukumkaribisha kwenye faili.

Miaka tisa.
Faili lilihamishwa, likapotea, likaonekana
chini ya faili la watu wa Magu.
Kodi aliichukua aliyewahi kuamka.
Bati likaoza. Mpera ukakauka.
Kaka Masunga akafa tungali kwenye foleni,
naye tukamfungulia faili lake,
mirathi ndani ya mirathi, sufuria ndani ya sufuria.
Mwisho akaja dalali na rangi nyekundu na kipaza sauti;
nyumba ikauzwa kulipa gharama za kuigombania.
Jiwe liliuzwa nalo, bila kutajwa.

Kwa hiyo mwaka huu,
magoti yalipoanza kunitabiria mvua,
nilipanda ghorofa ya tatu, dirisha linalotazama kivuko cha Kamanga,
kwa wakili Nkwimba, binti mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu.
Dada Holo alikataa kunisindikiza.
"Unajichuria, Kabula. Kifo hakiitwi."
Nikamwambia kweli, hakiitwi,
lakini njia ya Buhongwa kinaijua.

Wakili alieleza polepole.
Wosia husubiri ufe ndipo uanze kutembea,
na njia yake hupita mahakamani.
Hii ni amana: unaiweka sasa, ungali unapumua.
Nyumba, majokofu mawili ya sangara, kibanda cha Mwaloni,
vyote vinakaa ndani ya amana,
na mdhamini wa kwanza ni wewe mwenyewe.
Unatumia, unapangisha,
unaweza hata kughairi ukiamka vibaya.
Siku usipoamka, Nyanzala anashika usukani,
anawagawia wenzake kama ulivyoandika,
na hakuna wa kubandika tangazo ubaoni.
"Ila," akainua kidole, "usichokihamisha hakijahama.
Amana isiyotiwa kitu ni tenga tupu."

Nilisaini mara kumi na moja.
Ya mwisho, mkono ulisita.
Nikauliza: kwa hiyo kuanzia leo nyumba si yangu?
Akafikiri, akafunga kalamu.
"Si yako, mama. Ila unaishi kwako."

Nikarudi, nikasimama getini
kama mgeni mwenye funguo.
Nikapiga hodi. Nikajiitikia karibu.
Nikashika ufagio, nikafagia;
vumbi halikuwa na habari.

Jioni niliwaita wanangu, nikawasomea yote,
hata lile jina lililowafanya watazamane:
Bwire, wa Ukerewe,
ambaye marehemu baba yao alimtaja kwangu mara moja tu,
usiku, homa ikiwa juu.
Chumba kimoja cha uani na jokofu dogo.

Nyanzala aliuliza, "Mama, kwani alidai?"
Hakudai.
Nilikuwa namkumbuka yule mama wa Geita,
anavyoikunja picha yake upya, mkunjo kwa mkunjo,
na ile chai tuliyompa.
Ilikuwa ya maziwa, ya tangawizi, yenye sukari tele,
na haikutosha.